Maswali ya Wasomaji: Bayodizeli, Nyuzi Joto na Mrija wa Kioo

Tangu tuandike kuhusu bayodizeli, yaani mafuta ya mimea yaliyogeuzwa kwa methanoli (pombe ya viwandani) na kostiki soda ili yaendeshe injini za dizeli, barua zimekuwa nyingi, na karibu zote zinauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti: nitajuaje kama kilichomo kwenye dumu langu ni bayodizeli kweli? Tumechagua saba. Mbili za mwanzo tumezijibu kwa kirefu kwa sababu ndiko wengi wanakokosea.

*Natunza jenereta tatu za maduka. Muuzaji wangu wa bayodizeli, inayotokana na mafuta ya chipsi yaliyokwisha kutumika, ananipa karatasi inayosema densiti ni 0.880. Mimi nikipima uani kwa haidromita napata 0.868. Je, ananichanganyia mafuta ya taa?*
— Fundi jenereta, Tabata

Ndugu fundi, usimgombeze muuzaji bado. Umetaja densiti, yaani kilo ngapi ziko kwenye lita moja, bila kutaja joto, na ugomvi wote umezaliwa hapo. Densiti inayoandikwa kwenye karatasi za mafuta ni ya nyuzi 15. Uani kwako saa saba mchana mafuta hayawezi kuwa nyuzi 15; yako 31 au 32, na kama dumu lilikaa juani yamepita hapo. Mafuta yakipata joto hutanuka, na lita ileile inakuwa nyepesi. Kwa bayodizeli, kila nyuzi moja ikipanda densiti hushuka kwa takriban 0.00072. Tuseme ulipima kwa nyuzi 32. Umezidi 15 kwa nyuzi 17. Zidisha 17 kwa 0.00072 unapata 0.012. Jumlisha kwenye 0.868 yako: 0.880. Karatasi yake na haidromita yako zinasema jambo moja.

Hata hivyo hofu yako si ya kipuuzi. Mafuta ya taa yana densiti ya karibu 0.80, na yakichanganywa kiasi cha asilimia 15 kwenye bayodizeli yangeshusha namba kwa 0.012 ileile. Ndiyo maana mtu asiyeandika joto hawezi kutofautisha jua na wizi.

Pima hivi. Tafuta haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea, iwe ya mafuta yenye skeli ya 0.850 hadi 0.900, iliyogawanywa kwa 0.0005 au angalau 0.001. Ile ya fundi betri haifai: skeli yake inaanzia juu ya 1.0, kwa hiyo kwenye mafuta itazama hadi chini na kulala. Ya maziwa nayo vilevile. Silinda ya kupimia iwe pana kuliko tumbo la haidromita kwa sentimita mbili na nusu hivi, la sivyo itagusa ukuta na kukwama. Mimina mafuta taratibu yakipita ubavuni ili yasitoe povu, subiri mapovu yapande, kisha tumbukiza kipimajoto na usome. Shusha haidromita polepole hadi ielee yenyewe, izungushe kidogo kwa vidole viwili, iachie. Usiidumbukize kwa nguvu, kwa sababu mafuta yakilowesha shina juu ya mstari yanaongeza uzito na namba inadanganya. Inama macho yawe sawa na uso wa mafuta. Utaona mafuta yamepanda kidogo kwenye shina kama ukingo; usisome pale juu ya ukingo, soma pale uso bapa unapokata skeli. Toa haidromita, soma joto tena. Kama limehama kwa zaidi ya nusu nyuzi, rudia kivulini.

Asiye na haidromita anaweza kutumia mizani ya sonara inayosoma 0.01 ya gramu, pamoja na chupa ndogo ya kioo ya mililita 50 yenye kizibo cha kusaga. Ipime tupu, ijaze maji safi uipime, ikaushe kabisa, ijaze mafuta uipime, vyote vikiwa kwenye joto moja. Maji kwa nyuzi 30 yana gramu 0.9957 kwa mililita, kwa hiyo maji ya gramu 49.78 yanakuambia chupa inabeba mililita 50.0. Mafuta yakitoka gramu 43.45, densiti ni 0.869 kwa nyuzi 30, yaani 0.880 kwa nyuzi 15. Hewa ikibaki chini ya kizibo kazi yote imeharibika.

Sasa sikia mtego wenyewe. Kiwango cha Ulaya, EN 14214, kinataka bayodizeli iwe kati ya 0.860 na 0.900 kwa nyuzi 15. Mtu akichukua dizeli ya kawaida ya 0.835 na mafuta mabichi ya kupikia ya 0.920, akachanganya nusu kwa nusu, anapata 0.8775. Inapita densiti bila wasiwasi, na ndani hakuna hata tone la bayodizeli. Kipimo cha kumnasa ni rahisi: mililita 3 za mafuta ndani ya mililita 27 za methanoli, kwenye chupa yenye kifuniko. Tikisa, acha nusu saa. Bayodizeli inayeyuka kwenye methanoli. Mafuta mabichi na dizeli havikubali, vinakaa chini kama kidimbwi. Ila kipimo hiki kinataka nyuzi 20 hivi. Kwenye joto la Dar methanoli humeza mafuta mabichi kidogo zaidi na mchanganyiko mbovu unaweza kupita, kwa hiyo chupa zikae kwanza kwenye beseni la maji yaliyotiwa barafu kidogo, ukiwa na kipimajoto. Methanoli ni sumu hata ikipita kwenye ngozi: vaa glavu, fanyia nje, mbali na jiko.

*Shikamooni wakubwa. Sisi ni vijana wanne wa Kigamboni, tunatengeneza bayodizeli lita 60 kwa mpigo mmoja. Wateja wanauliza mnato. Tunajaza bomba la sindano la mililita 20, tunahesabu sekunde hadi liishe, kisha tunalinganisha na maji. Kila siku jibu linakuja tofauti. Tunakosea wapi?*
— Vijana wa Kigamboni

Marahaba wanangu. Mnakosea mahali pawili. La kwanza ni lilelile la Tabata: joto. Mnato wa bayodizeli, yaani uzito wake wa kutiririka, hubadilika kwa karibu asilimia 2 kwa kila nyuzi moja. Mkipima asubuhi kwenye 26 na mchana kwenye 32 mmetengeneza tofauti ya asilimia 12 bila kugusa mafuta. La pili ni maji. Tundu la bomba la sindano ni fupi. Maji yanapita pale kwa kasi, na kinachoyachelewesha ni kule kulazimika kushika kasi kwenye tundu, mnato wake unahusika kidogo sana. Mafuta yanapita taratibu na mnato ndio unaoyashika. Mnalinganisha vitu viwili vinavyotoka kwa sababu mbili tofauti, na uwiano mnaoupata hauna maana.

Kinachotakiwa ni mnato wa kinematiki kwa nyuzi 40, unaoandikwa kwa milimita za mraba kwa sekunde. Wazee wa pampu huuita sentistoki, namba ni ileile. EN 14214 inataka 3.5 hadi 5.0. Ya Marekani, ASTM D6751, ni legevu zaidi: 1.9 hadi 6.0. Dizeli ya kawaida kwa EN 590 ni 2.0 hadi 4.5. Mafuta mabichi ya mimea yako kati ya 30 na 40, na hapo ndipo mnapoona kwa nini tunahangaika kuyageuza.

Kama fedha inaruhusu, nunueni visikomita, yaani kipima mnato, ya mrija wa kioo aina ya Cannon-Fenske. Ni mrija wenye umbo la U, una vitumbo vya kioo na mistari miwili iliyochorwa. Inakuja kwa ukubwa wenye namba. Msichukue namba 100 kwa sababu tu ndiyo iliyopo dukani: mbinu ya ASTM D445 inataka mafuta yachukue angalau sekunde 200 kupita kati ya mistari, na kwenye namba 100 dizeli nyepesi haifiki hapo. Namba 75 inatosha kwa bayodizeli na kwa dizeli. Kila mrija una namba yake ya kuzidishia kwenye cheti; kwa 75 huwa karibu na 0.008. Cheti kikipotea mrija umebaki pambo.

Beseni la maji liwe la kioo ili muione mistari, na liwe refu kiasi kwamba mafuta yaliyo ndani ya mrija yabaki angalau sentimita 2 chini ya uso wa maji muda wote. Hita ya samaki mara nyingi huishia nyuzi 34 au hapo karibu, kwa hiyo haiwafikishi. Tafuteni hita yenye kidhibiti joto na kifaa cha kukoroga, maana maji yasiyokorogwa yana 41 juu na 39 chini. Maabara hushikilia 40 isihame kwa zaidi ya 0.02. Nyinyi mkishika 0.1 mnapoteza asilimia 0.2 tu; kwa kazi yenu inatosha.

Kabla ya kujaza, chujeni mafuta kwenye wavu laini. Geuzeni mrija juu chini, tumbukizeni mkono mwembamba kwenye mafuta, vuteni kwa mpira wa kunyonyea kupitia mkono wa pili hadi mafuta yafike kwenye mstari wa kujazia, kisha ugeuzeni, futeni nje, mfunge wima ndani ya beseni. Msinyonye kwa mdomo, hata mara moja. Mafuta ambayo hayajaoshwa vizuri yana methanoli. Subirini dakika 10 kamili. Vuteni mafuta yapite mstari wa juu, achieni, anzeni saa yanapogusa mstari wa juu, simamisheni yanapogusa wa chini. Saa ya simu inafaa. Rudieni. Kwenye sekunde 560, majibu mawili yasipishane kwa zaidi ya mbili. Yakipishana kuna povu, unyuzi au tone la maji kwenye njia nyembamba. Mrija wenye 0.0081 ukitoa sekunde 560, mnato ni 4.54.

Kusafisha ndiko vijana huona uvivu. Suuzeni kwa kiyeyushi kinachoondoa mafuta, malizieni kwa asetoni, kausheni kwa hewa safi. Hewa ya kompresa ya gereji ina mvuke wa oili, nayo inaacha utando usioonekana unaobana njia. Siku inayofuata mtapata mnato uliopanda na mtalaumu mafuta.

Kusoma majibu: mkipata 6 au 7 kutoka mafuta ya chipsi, mara nyingi mafuta hayakugeuka yote, methanoli au kostiki soda ilipungua, au mafuta ya mwanzo yalikuwa na maji. Kwenye injini hayo hurushwa kama matone makubwa badala ya ukungu, hayaungui yote, na nozeli huota masizi. Lakini msihukumu kabla ya kuuliza yametokana na nini. Bayodizeli ya nazi iliyotengenezwa vizuri kabisa huwa chini ya 3.5, kwa sababu mafuta yake yana minyororo mifupi. Ya mbarika huvuka 10 hata ikiwa safi, kwa sababu asidi yake ina kundi la ziada la oksijeni na haidrojeni linalofanya molekuli zishikane. Hiyo hapana kuitumia peke yake, inachanganywa.

Na kama fedha haipo, bakini na sindano lakini fungeni mrija mwembamba na mrefu kwenye mdomo wake, itumbukizeni kwenye maji ya nyuzi 40, na badala ya maji linganisheni na bayodizeli yenu wenyewe iliyokwisha kupimwa maabara, mliyoihifadhi gizani kwenye chupa iliyojaa. Hapo uwiano wa sekunde unakaribia sana uwiano wa mnato.

*Jirani anayeniuzia mafuta ya mashine ya kusaga huwasha kiberiti juu ya kikombe mbele yangu. Yasiposhika anasema ni salama. Nimwamini?*
— Mama mwenye mashine, Mbagala

Hapana, mama. Kiberiti chake kinathibitisha kwamba mvuke haushiki moto kwenye joto la siku hiyo, nyuzi 30 hivi. Dizeli ya kawaida inatakiwa isishike mpaka ivuke 55, na bayodizeli mpaka 101 kwa kiwango cha Ulaya. Bayodizeli safi hufika 170. Ikibaki na methanoli asilimia 1 tu, inaporomoka hadi chini ya 40. Mafuta ya namna hiyo yanaweza kushinda kiberiti cha jirani asubuhi, halafu yakatoa mvuke unaowaka yakiwa kwenye tangi kando ya injini iliyopata moto, ndani ya chumba chenye dirisha moja. Tena mwali wa methanoli mchana hauonekani vizuri. Mtu anausikia kwenye ngozi kabla hajauona.

Kipimo halali hufanywa kwenye kikombe kilichofungwa, kinachopashwa taratibu huku kikikorogwa, na mwali mdogo ukiingizwa kwa hatua. Si kazi ya nyumbani. Mwambie alete majibu ya maabara ya kipimo cha Pensky-Martens, na amwambie mtengenezaji aoshe na kukausha mafuta yake.

*Wakati wa masika bayodizeli yangu imegeuka kuwa na ukungu. Nikiiacha mchana inang'aa tena. Nitumie tu?*
— Msomaji, Kinondoni

Kung'aa si kukauka. Maji yanayoruhusiwa ni miligramu 500 kwa kilo, kama matone tisa kwa lita. Bayodizeli inaweza kumeza zaidi ya mara mbili ya hayo na ikabaki angavu, hasa ikiwa na joto. Usiku ikipoa maji hujitenga kuwa ukungu, asubuhi inameza tena. Kwa hiyo unachokiona ni mafuta yenye maji mengi yanayokwenda na kurudi.

Kabla ya kupima hakikisha methanoli ilikwisha kutolewa. Kisha weka mililita chache kwenye kijibakuli cha chuma juu ya jiko la umeme, si la mkaa wala la gesi, hadi nyuzi 120 hivi, ukiwa umevaa miwani. Yakitoa mlio wa kupasukapasuka kama kitunguu kibichi kikiingia kwenye mafuta, kuna maji. Mlio haukupi namba. Namba inatoka kwenye kipimo cha Karl Fischer maabara. Kukausha, pasha hadi 50 au 60 huku ukizungusha mafuta kwa pampu yamwagikie kama mvua nyembamba. Chagua siku ya jua kali: hewa ya Dar ya masika imejaa unyevu, na mafuta yaliyopoa yakiachwa wazi huunywa tena. Dumu lijazwe hadi shingoni na lifungwe.

*Lori letu linatoka Dar likiwa na bayodizeli ya mawese, linakwenda vizuri, halafu Njombe alfajiri filta inaziba. Filta ni mpya. Maji hakuna.*
— Dereva, Kimara

Si filta, ni nta. Bayodizeli ya mawese huanza kutoa chembe za nta kati ya nyuzi 13 na 16. Dar hata usiku wa Julai haishuki huko, kwa hiyo hapa hutaona kitu. Makambako na Njombe mwezi Juni na Julai usiku hushuka chini ya 10. Chembe ni ndogo, lakini filta ndiyo inayozikusanya.

Unaweza kupima hapohapo Kimara. Weka mafuta makavu kwenye kijaribio cha kioo, zamisha kipimajoto hadi chini, simamisha kwenye glasi ya maji, ongeza barafu kidogo kidogo. Kila nyuzi moja ikishuka, toa, futa nje, tazama kitako kwenye mwanga, rudisha haraka. Nyuzi ambayo wingu la kwanza linatokea kitakoni ndiyo ya kuandika. Ukungu ukitokea mapema, kwenye 22 au 24, na umetapakaa mrija mzima, huo ni wa maji na jibu lako liko kwa msomaji wa Kinondoni. Kwa safari za Nyanda za Juu, changanya mawese isizidi asilimia 20 kwenye dizeli na upime mchanganyiko wenyewe, au tumia ya alizeti, ambayo wingu lake huja kwenye nyuzi chache tu juu ya sifuri.

*Kwa nini bayodizeli inaisha haraka kuliko dizeli kwenye injini ileile?*
— Temeke

Kwa sababu ina oksijeni ndani yake, isiyoungua. Dizeli hutoa megajuli 43 kwa kilo, bayodizeli 37 na nusu hivi. Kwa kuwa bayodizeli ni nzito kidogo, tofauti kwa lita inabaki asilimia 8 au 9. Kwenye mchanganyiko wa asilimia 20 ni chini ya 2, na ukiambiwa umepoteza zaidi ya hapo tafuta tundu kwenye mpira wa kupitisha mafuta.

*Nataka kupeleka sampuli maabara. Nichukue kiasi gani, na kutoka wapi kwenye pipa?*
— Mtengenezaji, Gongo la Mboto

Lita moja. Chupa ya kioo cha rangi ya kahawia, iliyokauka kabisa. Chupa ya maji ya kunywa ina matone usiyoyaona. Usichote juu tu: maji na gliserini, masalia ya kutengeneza bayodizeli, viko chini. Shusha mrija mrefu ukiwa umeziba tundu la juu kwa kidole, achia katikati ya pipa, ziba, toa. Chukua nyingine kutoka sentimita mbili juu ya kitako na uiweke kwenye chupa yake, usizichanganye. Acha nafasi ndogo ya kutanuka. Andika tarehe, asili ya mafuta na joto la pipa ulipochota. Kabla ya kwenda, iwe ni TBS (shirika la viwango) pale Ubungo, TIRDO (shirika la utafiti wa viwanda) Msasani au maabara ya binafsi, piga simu utaje kipimo kwa jina lake: densiti kwa nyuzi 15, mnato kwa nyuzi 40 kwa ASTM D445, joto la kushika moto kwa kikombe kilichofungwa, maji kwa Karl Fischer. Ukisema tu "nipimieni mafuta" utarudishiwa swali, na sampuli itakaa kaunta ikinywa unyevu.